Nyumba ya Magurudumu na Swali la Kurudi

Kuna kipindi nililipa kodi ya nyumba kwa kuwafundisha Wazungu jinsi ya kuishi bila nyumba.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa na laptopu iliyofanya kazi ikiwa kwenye umeme tu, bando la wiki, na mteja mmoja wa ng'ambo aliyenilipa kwa idadi ya maneno. Alitaka makala za kumwelekeza mtu auze nyumba yake, anunue motahomu na aanze maisha mapya barabarani huko Ulaya. Kiswahili bado hakijakubaliana jina la chombo hiki, kwa hivyo hapa nitakiita gari-nyumba: lina kitanda, jiko, choo na usukani. Niliandika makala kumi na nne. Niliandika kuhusu mitungi ya gesi ambayo ya nchi moja haiingiliani na ya nchi jirani, kuhusu mahali pa kumwaga maji ya choo, kuhusu kushuka hadi Moroko wakati wa baridi kwa sababu huko jua lipo. Jina langu halikuwekwa popote. Ulaya sijawahi kukanyaga, na gari pekee nililowahi kulala ndani ni basi la usiku la kwenda Mombasa.

Mara moja nilijaribu kuongeza aya moja kuhusu viza. Mteja akaifuta. Akaniandikia kwa upole kwamba wasomaji wake hawana shida hiyo.

Aya ile iliyofutwa ndiyo iliyonirudisha kwenye Nomadland. Filamu hii ya Chloé Zhao nilikuwa nimeitazama ilipotoka na nikailia kama kila mtu. Ilishinda Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2020, na mwaka 2021 ikachukua Oscar ya filamu bora, ya mwongozaji bora na ya mwigizaji bora wa kike, Frances McDormand. Kati ya hadithi zote za watu wanaohamia kwenye gari, hii ndiyo iliyofika mbali zaidi. Kwa hivyo nikaitazama mara ya pili, safari hii nikiwa na jicho la mtu aliyewahi kuuza bidhaa hiyo hiyo kwa bei ya maneno. Nikaona kwamba filamu nayo imefuta aya fulani.

Kwanza nieleze hadithi kwa wale ambao hawajaiona. Fern ni mjane wa miaka sitini na kitu. Yeye na mumewe waliishi Empire, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Nevada, uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha jasi. Kiwanda hicho kilikuwepo kweli, na kilifungwa kweli Januari 2011. Kufikia katikati ya mwaka ule, hata msimbo wa posta wa Empire, 89405, ulikuwa umefutwa. Hebu fikiria: mji haukupoteza watu tu, ulipoteza anwani. Fern anapakia alichoweza ndani ya gari la saizi ya matatu ya abiria kumi na wanne, kisha anaanza kufuata kazi za msimu. Krismasi anafungasha mizigo katika ghala la Amazon. Kiangazi anasafisha vyoo vya kambi za watalii. Msimu wa mavuno anafanya kazi kwenye viazisukari. Njiani anakutana na wenzake, na wengi wao si waigizaji. Linda May, Swankie na Bob Wells ni watu halisi wa maisha hayo, waliobaki na majina yao ndani ya filamu.

Ubora wake siwezi kuukana. Zhao anajua kumpa mtu mzee muda wa kutosha mbele ya kamera. Swankie anapomkaripia Fern kwa kusafiri nyikani bila gurudumu la akiba, sauti yake ni ya shangazi yeyote unayemjua. Kisha kuna sahani. Fern amebeba sahani alizopewa na babake, mwanamume mmoja anazivunja kwa bahati mbaya, na Fern anakaa kuzigundisha kwa gundi. Hakuna hotuba. Unaelewa kila kitu.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ile ya dukani. Msichana aliyewahi kufundishwa na Fern anamuuliza kama ni kweli hana makao. Fern anamjibu kwamba hana nyumba tu, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Nimesoma wahakiki wengi wa Kiingereza wakilisifu jibu hilo kana kwamba limegundua jambo jipya. Kwetu halina upya wowote. Mkenya anaweza kukaa Nairobi miaka thelathini, akalipa kodi kila mwezi kufikia tarehe tano, na bado ukimuuliza kwao ni wapi akakutajia kijiji ambacho halali zaidi ya wiki mbili kwa mwaka. Nyumba ni chumba unacholipia. Nyumbani ni pale watakapokuzika. Kiambishi kimoja tu, -ni, na maana imehama wilaya nzima.

Kwa hivyo tukisoma kwa Kiswahili, swali la Nomadland si kama Fern ana nyumba. Tumeona hana. Swali ni lile ambalo kila mzee wa matanga hukuuliza kabla hajakupa kiti: kwani kwenu ni wapi? Yaani, ukichoka, ukiugua, ukifa, unarudishwa wapi na ni nani atakayekupokea?

Hapa ndipo filamu inapoteleza, manake inampa Fern majibu mawili mazuri. Dadake anamwambia aje waishi pamoja. Dave, yule aliyevunja sahani, anahamia kwa mwanawe kulea mjukuu, na anamwambia Fern kwamba chumba kipo. Nyumba zote mbili ni kubwa na safi, zina mwanga wa jioni na meza iliyojaa chakula. Fern anazikataa zote mbili. Usiku anaamka kitandani mwa wageni na kwenda kulala ndani ya gari lake. Tunabaki na mwanamke ambaye milango iko wazi lakini moyo wake haukubali kuingia, kwa sababu bado anamwomboleza mumewe. Umaskini wake umegeuzwa kuwa tabia. Ni msiba, ni ukaidi, ni kiu ya upeo wa macho. Kila kitu isipokuwa hesabu.

Sasa fungua kitabu ambacho filamu ilitoka ndani yake. Jessica Bruder, mwandishi wa habari wa Marekani, alichapisha Nomadland mwaka 2017 baada ya kuzunguka na watu hawa kwa miaka kadhaa, sehemu ya muda huo akilala ndani ya gari lake mwenyewe. Fern hayumo kitabuni. Mhusika mkuu ni Linda May, yule yule anayemshika Fern mkono kwenye filamu kama rafiki wa pembeni. Ana miaka 64 na anavuta katrela kadogo ka manjano kwa gari kuukuu. Amefanya kazi maisha yake yote, amelea watoto, na pensheni anayoitarajia ni kama dola 500 kwa mwezi. Kabla ya kuhamia barabarani alikuwa amejibana kwa familia ya bintiye, na nafasi haikutosha. Hapo hakuna mlango mkubwa wenye mwanga wa jioni. Kuna kochi.

Bruder anaandika kama mtu anayeshika risiti mkononi. Anakuonyesha wazee waliopoteza nyumba na akiba katika mporomoko wa uchumi wa 2008. Anakuonyesha mpango wa Amazon wa kuajiri wenye magari-nyumba kwa msimu, wazee wakitembea maili nyingi kwa zamu juu ya sakafu ya saruji, na dawa za maumivu zikitolewa bure kwenye mashine ukutani. Anaeleza pia kwamba mwajiri hupata nafuu ya kodi kwa kuajiri baadhi ya watu hao. Ukifika mwisho unajua nani anafaidika na mgongo unaouma. Kwenye filamu Fern anaingia ghala lile lile, anacheka na wenzake wakati wa chakula, analipwa na anaondoka. Mtu akimuuliza mshahara ukoje anasema ni mzuri, na mambo yanaishia hapo. Ile mashine ya dawa ukutani haionekani. Hiyo ndiyo aya iliyofutwa.

Najua nitajibiwa kwamba sinema si ripoti, na kwamba si lazima kila filamu ihubiri. Nakubali. Huzuni ya Fern ni ya kweli, na mjane ana haki ya kuigiziwa kama mtu na si kama takwimu. Lakini angalia kilichobadilishwa na kile kilichowekwa mahali pake. Linda ana ndoto mahususi kabisa kitabuni: anataka ardhi. Anataka kujenga nyumba ya udongo na magurudumu ya zamani ambayo hakuna benki itakayoigusa, na kufikia mwisho wa kitabu amenunua ekari tano jangwani Arizona. Yaani, mwanamke wa kitabuni anaishi kwenye gari ili siku moja atoke kwenye gari. Yule wa filamu anagawa hata vitu alivyokuwa ameviweka stoo, anapita nyumba yake ya zamani mara ya mwisho, kisha anaondoka tena kuelekea milimani muziki wa piano ukimsindikiza. Mmoja anatafuta kwao. Mwingine ameambiwa na hadithi kwamba barabara ndiyo kwao. Jibu la pili halimgharimu mtu yeyote kitu: si mwajiri, si benki, si serikali, na si mimi niliyekuwa nikiliandika kwa mteja.

Nilimwonyesha mjomba wangu filamu hii kwenye simu. Mjomba ni dereva wa trela. Anatoka bandarini Mombasa na kwenda Kampala, mara nyingine anaunganisha Kigali, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka kitanda chake ni kile kigodoro cha nyuma ya kiti. Ana jiko dogo la gesi, sufuria mbili na mtungi wa maji. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori pale Malaba ilienda makumi ya kilomita, na yeye alikuwa ndani yake. Alipika, akafua na kusherehekea siku yake ya kuzaliwa barabarani. Kama kuishi kwenye gari ughaibuni ni mtindo wa maisha, basi mjomba wangu alianza zamani, na hakuna aliyempiga picha akinywa chai mlangoni.

Alitazama kimya, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Anaoga wapi?" La pili, pale mwanamume anapogonga dirisha la Fern usiku na kumwambia kwamba haruhusiwi kulala hapo: "Ameondoka tu? Hajaitishwa kitu?"

Nilicheka, lakini swali la pili lilibaki nami. Fern anagongewa dirisha, anashtuka, anawasha gari, basi. Hakuna tochi ya pili, hakuna mkono kwenye bunduki. Bruder analigusa jambo hili waziwazi. Anaona kwamba karibu watu wote anaokutana nao kwenye kambi zile ni weupe, anajiuliza kwa nini, na anafikiria maana ya Mmarekani mweusi kukutwa amelala ndani ya gari usiku katika nchi ambako kusimamishwa na polisi kunaweza kukuua. Ni kurasa chache, lakini zimo. Filamu inapiga picha weupe ule ule kama sehemu ya mandhari, pamoja na mawe na machweo.

Halafu kuna suala la anwani. Hata Mmarekani asiye na nyumba lazima awe na anwani, la sivyo hana leseni, hana bima, hana barua ya pensheni. Wanaoishi barabarani wamepata ujanja wao. Jimbo la South Dakota limekuwa likiwapa leseni ya udereva wakionyesha risiti ya kulala usiku mmoja kambini au hotelini, pamoja na anwani ya kampuni inayowapokelea barua. Risiti ya usiku mmoja, na nchi inakubali kwamba wewe ni wa mahali. Niliposoma hilo nilisimama nikazunguka chumba. Kuna Wakenya waliozaliwa hapa ambao wamefuatilia kitambulisho cha taifa kwa miaka, wakiitwa kwa wazee wa kuwahoji kuhusu babu zao.

Je, inawezekana kuandika kuhusu gari-nyumba bila kudanganya? Nadhani ndiyo, na mfano wangu ni kitabu cha ajabu cha waandishi wawili waliokuwa ugenini. Mei 1982, Julio Cortázar, Muajentina, na mkewe Carol Dunlop, mzaliwa wa Marekani, waliingia barabara kuu ya kutoka Paris hadi Marseille wakiwa na Volkswagen nyekundu yenye kitanda, waliyoiita Fafner. Safari ile huchukua siku moja. Wao walichukua siku 33. Sheria yao ilikuwa moja: kutotoka kwenye barabara hata kidogo, na kusimama katika vituo viwili vya mapumziko kila siku. Waliandika kumbukumbu kana kwamba ni wavumbuzi wa bara jipya: halijoto, chakula, mende, miti, malori yaliyolala. Kitabu kilitoka mwaka 1983.

Kwa nini nawaamini wao kuliko filamu? Kwa sababu hawakuwahi kusema kwamba wameacha kitu. Wanakiri kila ukurasa kwamba ni mchezo, na mchezo una nyumba ya kurudi huko Paris. Wanawataja marafiki waliowaletea vyakula barabarani. Cortázar alikuwa ameishi Ufaransa miaka thelathini, na uraia alikuwa ameupata mwaka mmoja tu kabla ya safari. Mgeni mwenye karatasi mpya mfukoni ndiye aliyeweza kukaa mwezi mzima kwenye maegesho bila hofu. Huzuni nayo imo, na haijatiwa rangi. Dunlop alifariki Novemba ile ile, kitabu hakijakamilika, na Cortázar akakimalizia peke yake kabla naye hajafa mwanzoni mwa 1984. Msiba haukutumiwa kueleza kwa nini watu wanaishi kwenye gari. Ulifika tu, kama misiba inavyofika.

Sasa turudi kwenye aya yangu. Ilisema hivi, kwa kifupi. Ukanda wa Schengen humruhusu mgeni kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Januari 2021 kanuni hiyo inawabana hata Waingereza, na wastaafu wao waliozoea kuegesha Uhispania majira yote ya baridi wamejifunza kuhesabu siku kama wafungwa. Huo ndio ugumu wao, na ni ugumu wa kweli. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya hesabu huanza kabla ya siku ya kwanza. Kuna ada ya euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hairudi. Kuna taarifa za benki. Kuna uthibitisho wa mahali utakapolala kila usiku, ambao mtu wa gari-nyumba hana kwa sababu ndiyo maana ya gari-nyumba. Juu ya yote kuna ushahidi kwamba utarudi: kazi, mke, watoto, hati ya shamba. Mkenya anayetaka kuzurura lazima kwanza athibitishe kwamba hawezi kuzurura.

Sikuandika aya ile kwa uchungu. Niliandika kwa sababu nilidhani ni sehemu ya mada. Bado nadhani hivyo. Kila hadithi ya kuanza upya barabarani imesimama juu ya mtu au taasisi fulani iliyokubali kumpokea msafiri akirudi: dada, jimbo, ubalozi, nchi. Hadithi nzuri hukuonyesha nguzo hiyo, hata kama ni kwa mstari mmoja. Hadithi mbaya huipaka rangi ya anga ili usiione. Nomadland ya Zhao si mbaya. Ni nzuri mno, na uzuri wake ndio rangi yenyewe.

Ushauri wangu: soma Bruder kwanza, kisha tazama filamu, na Linda May anapotokea umwangalie yeye badala ya Fern. Utaona mwanamke anayejua kiasi alichobakiza hadi senti.

Mimi yule mteja niliachana naye, si kwa ushujaa, ni makala zilikwisha. Mjomba aliniuliza juzi kama kuna mtu anayelipa kwa kuandika habari za madereva wa trela. Nikamwambia sijui, ila nitaanza na kuoga wapi.